Namna ya Kutathmini Mpango wa Kuvipa Nyota Vituo vya Kulelea Watoto

Jimbo la Oklahoma, Marekani, lilianza mwaka 1998 kuvipa vituo vya kulelea watoto nyota kulingana na ubora wake, na majimbo mengi yakafuata. Anayetaka kutathmini mpango wa namna hiyo aanze na swali moja: je, nyota hizo zinatofautisha kweli malezi mema na malezi hafifu?

Soma kwanza vigezo vyenyewe. Vyeti vya walezi na idadi ya watoto kwa kila mlezi huhesabika kwa urahisi, lakini makaratasi hayaonyeshi jinsi mtoto anavyopokewa asubuhi. Kwa hiyo tuma wachunguzi wakae darasani saa kadhaa, bila kuambiwa kituo kina nyota ngapi, waangalie kama mlezi anachuchumaa mbele ya mtoto anayelia baada ya mama yake kuondoka, anamwita kwa jina na kumsubiri ajibu. Wachunguzi wawili wapime darasa moja, kila mmoja peke yake. Alama zao zikiachana sana, warudishwe mafunzoni kabla kazi haijaendelea.

Ugumu mkubwa, kwa maoni yangu, uko kwenye kulinganisha. Pale ambapo kujiunga ni kwa hiari, vituo vilivyokwisha kuwa imara huweza kutangulia, na ubora wao usihesabiwe kuwa tunda la mpango. Pima kila kituo kinapoingia, kisha ukipime tena baada ya mwaka mmoja au miwili, ukiandika pia msaada kilioupata, iwe ruzuku, ushauri au mafunzo. Vilivyojitoa navyo vifuatiliwe, na wenye navyo waulizwe sababu.