Dawa ya Asubuhi Ndiyo Inayoangusha Maua ya Tikiti

Mkulima wa tikiti maji akiona maua yanadondoka, mbio zake za kwanza ni duka la pembejeo. Kesho yake saa 2 asubuhi bomba liko mgongoni. Nayakuta haya kila msimu, na inaniuma, kwa sababu dawa hiyo ya asubuhi huua au hufukuza nyuki, na bila nyuki maua ambayo yangezaa huanguka.

Ua la tikiti halina siku ya pili. Hufunguka jua likichomoza, na mchana limeshajikunja. Chavua yake ni nzito na inanata, upepo hauwezi kuibeba. Nyuki asipoitoa kwenye ua dume akaifikisha kwenye ua jike asubuhi hiyo hiyo, tunda hakuna. Na si nyuki kupita mara moja tu: ua jike huhitaji kutembelewa mara 8 au zaidi. Inama ulichungulie. Chini ya petali utaona kitikiti chenye vinyweleo, ukubwa wa punje ya karanga, na katikati ya ua kuna ncha iliyogawanyika sehemu tatu. Sehemu moja ikikosa chavua ya kutosha, tunda hukua limepinda, mnunuzi analiacha shambani, nawe unalaumu mbegu.

Maua ya mwanzo kabisa ni madume, na hayo lazima yadondoke. Yaache! Majike hufuata siku kadhaa baadaye, tena machache: kwa kawaida jike 1 kwa madume kama 7. La kukushtua ni jike kugeuka njano na kuanguka na kitikiti chake. Hapo jiulize kwanza: nyuki wako wapi?

Tangu ua la kwanza lifunguke, dawa ya wadudu ipigwe kuanzia saa 12 jioni, maua yakiwa yamefunga na nyuki wamerudi mzingani, ili ikauke kabla ya alfajiri. Si saa 9 alasiri kwa sababu kibarua anataka kuwahi nyumbani. Dawa zinazopenya ndani ya mmea, kama zenye imidakloprid, usizitumie kabisa wakati wa maua; hizo huingia hadi kwenye chavua na nekta, hata ukipiga usiku hazitamwacha nyuki salama. Soma kibandiko cha chupa kabla hujalipa.

Maji ya kurushia juu nayo yasubiri maua yafunge. Urea ikizidi, utavuna majani. Joto likipita nyuzi 35 chavua hudhoofika, hivyo panga tarehe ya kupanda ukilijua hilo.

Mizinga 1 hadi 2 kwa ekari inatosha. Ilete majike yanapoanza kuchanua, maana ukiiwahisha nyuki watazoea maua ya kwingine. Kama nyuki wameshakwisha, chavusha kwa mkono kabla ya saa 4 asubuhi: chuma ua dume lililofunguka leo, ng'oa petali, kisha lipake taratibu kwenye sehemu zote tatu za ncha ya jike. Dume moja linatosha majike 2 au 3. Kitikiti kikishika, ndani ya siku chache hunenepa na kuinamia chini.

Na jirani yako mwenye matango mweleze pia saa hizi za kupiga dawa, kwa kuwa nyuki wanaotua kwako asubuhi ndio hao hao wanaopita kwake.