Mtumbwi wa plaiwudi wa maji mafupi: mabodi mawili, waya na gundi

Mimi ni seremala hapa Mafinga, Iringa. Riziki yangu ni milango, kenchi na vitanda, siyo vyombo vya majini. Huku kwetu juu ukitaja mtumbwi watu wanafikiria Kyela na Matema kando ya Ziwa Nyasa, mitumbwi ya gogo moja iliyochongwa kwa tezo. Gogo la namna hiyo sina, na ningelipata nisingeweza kulibeba mpaka bwawani. Tulicho nacho Mufindi ni paini ya msitu wa Sao Hill, na plaiwudi inayotengenezwa humu humu mjini. Ndiyo maana nilipotaka chombo cha kuzungukia bwawa, kuangalia nyavu na kung'oa magugu maji, nilianza na bodi.

Wa kwanza ulinifia mikononi ndani ya msimu mmoja. Ninaouelezea hapa ni wa tatu. Una urefu wa karibu mita 4.8, kitako bapa cha sentimita 60, na mdomo wa karibu sentimita 80. Ukiwa mkavu una kilo thelathini na kitu. Watu wawili wanaubeba bila kugombana.

Kwa nini kitako bapa? Piga hesabu kidogo. Eneo la kitako hiki, kwa kuwa kinachongoka mbele na nyuma, ni kama mita 1.7 za mraba, kwa hiyo kila sentimita moja inayozama inabeba takriban kilo 17. Mtu wa kilo 75 pamoja na mtumbwi wenyewe ni kilo 105 au 110: unazama sentimita 6 au 7 tu. Utapita juu ya matope na mizizi ambako mtumbwi wa gogo ungekwama. Hasara yake ni kwamba mawimbi yanaupiga kofi na upepo unausukuma. Usiupeleke Ziwa Nyasa ukasema ni mimi niliyekutuma.

Hatua ya 1: Chemsha bodi kabla ya kununua

Unahitaji mabodi 2 ya futi 8 kwa 4, unene milimita 6. Yale mabodi ya kahawia yanayong'aa, ya kumwagia zege, yaache. Mengi ni ya milimita 18, na moja tu linaweza kufika kilo 30. Isitoshe ile ngozi yake haishiki gundi mpaka uimalize yote kwa msasa.

Muuzaji atakuambia bodi lake "ni la maji". Mwombe kipande cha upana wa kiganja, nenda nacho nyumbani ukakichemshe kwenye sufuria kuukuu kwa saa 3 au 4. Kikaushe, kichemshe tena. Gundi ya ndani ya nyumba itaachia, tabaka zifunguke kama kitabu kilicholowa. Gundi ya nje itabaki imeshika. Mtumbwi wangu wa kwanza sikuuchemshia kipande, nikaja kukiona kitako kinachanua katikati ya bwawa.

Angalia na kingo za bodi. Ukiona matundu kati ya tabaka, ujue na ndani yapo, na hapo ndipo litakapovunjikia siku ya kulikunja.

Hatua ya 2: Unganisha mabodi yawe moja refu

Usiyaunganishe kwa kugusanisha vichwa tu. Yachonge kwa mshazari, na mshazari uwe mrefu mara 8 ya unene wa bodi. Kwa milimita 6 ni karibu sentimita 5. Laza bodi moja juu ya jingine kwenye meza, la juu lirudi nyuma sentimita 5, la chini lifike ukingo wa meza. Kisha piga randa yote mawili kwa pamoja mpaka upate mteremko mmoja ulionyooka. Bodi lenyewe litakuonyesha kama uko sawa: tabaka zake zitatokea kama mistari. Mistari ikinyooka sambamba, umepatia. Ikipinda kama mto, kuna mahali umekula sana.

Geuza bodi moja, mteremko ulalie mteremko, paka gundi pande zote mbili, tandika nailoni chini na juu, weka ubao na matofali. Liache siku mbili bila kulichungulia. Utabaki na bodi la mita 4.83.

Hatua ya 3: Kata

Piga mistari kwa urefu wote: ubavu sentimita 30, kitako 60, ubavu 30. Jumla 120, na bodi lina 122, hizo 2 zinazobaki ni za msumeno. Kwenye ncha za mbavu kata mshazari, ukingo wa chini uwe mfupi kuliko wa juu kwa sentimita 8 kila upande, ili omo (ncha ya mbele) na tezi (ncha ya nyuma) ziegemee nje. Mbavu mbili zibane pamoja ukate mara moja, zifanane kama mapacha. Kitako usikiguse bado.

Hatua ya 4: Shona

Watu wakisikia mtumbwi unashonwa wanacheka, lakini ndivyo ulivyo. Toboa matundu ya milimita 2, sentimita 1 kutoka ukingoni, kila baada ya sentimita 10. Uzi ni waya wa kufungia nondo, sindano ni vidole vyako na koleo.

Kwanza tengeneza fremu ya katikati: chini sentimita 58, juu 78, na ubavu wa mshazari 30. Funga ncha za mbavu mbili upande mmoja kwa waya, weka fremu katikati, kisha vuta upande wa pili kwa kamba iliyosokotwa kwa kijiti. Hapa huwezi peke yako. Mwite kijana ashike. Vuta polepole. Ukisikia bodi linalia, pumzika, limwagie maji ya moto kwa nje, endelea.

Mbavu zikishakutana utaona jambo linalonifurahisha kila mara. Kwa kuwa zimelala nje, ncha zinapanda zenyewe na kitako kinapata mkunjo kama ganda la ndizi. Hukuuchora mkunjo huo, umetokana na kukunja tu, na ndio utakaokusaidia kugeuza mtumbwi kwa urahisi.

Pindua juu chini. Sasa tafuta mpindo, na usikimbilie mbele kabla hujamaliza hili. Weka fito mbili zilizonyooka kukatiza mtumbwi, moja omo, nyingine tezi, chuchumaa uzitazame kwa jicho moja. Zikilala sambamba, vizuri. Moja ikiinama, sukuma na kuvuta mpaka zilingane. Mtumbwi uliopinda ukishakauka gundi utakuwa unakwenda upande mmoja mpaka uoze.

Laza bodi la kitako, hakikisha mstari wake wa katikati unafuata omo na tezi, chora kwa kufuata mbavu, kata ukibakiza milimita 5 za ziada pale zinapopatikana, kisha shona kila sentimita 10. Waya zikaze kwa zamu, kidogo kidogo, kama unavyofunga nati za tairi.

Hatua ya 5: Gundi, na baridi yetu

Kazi yote iliyotangulia inaweza kuharibikia hapa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Gundi nyeupe ya mbao haifai kwa maji. Mafundi wa bodi za magari wanatumia rezini ya poliesta na faiba, kile kitambaa cha nyuzi za kioo. Kwenye bati inafanya kazi, ila kwenye mbao mshiko wake ni hafifu na baada ya muda hubanduka kama ukoko. Tumia epoksi, gundi ya kuchanganya makopo mawili. Nunua lita 4 hadi 5 ukijumlisha na kigumishi chake. Mimi huagiza Dar, inakuja na basi.

Sasa baridi. Mwezi wa 6 na wa 7 hapa tunaona sakitu kwenye chai asubuhi. Epoksi chini ya nyuzi 10 karibu inalala kabisa. Utaikuta kesho yake bado inanata kama asali. Wengi hapo wanaongeza kigumishi wakidhani itawahi. Haiwahi, inabaki laini milele. Kipimo ni kile kilichoandikwa kwenye kopo, jotojoto uitafutie kwingine: fanya kazi mwezi wa 10 kabla ya mvua, anza saa nne asubuhi umande ukishaondoka, maliza saa nane, na makopo uyalaze ndani karibu na jiko usiku wa kuamkia kazi. Moto wa wazi usiusogeze karibu.

Kosa la upande wa pili nalo nimelifanya. Nilichanganya lita nzima kwenye kopo, nikaenda kupokea simu. Kurudi kopo linatoa moshi na huwezi kulishika. Epoksi ikirundikana inajipasha yenyewe. Changanya kidogo, kikombe kimoja, na uimwage kwenye chombo kipana.

Kwenye kona za ndani, kati ya waya na waya, paka epoksi tupu kwanza. Kisha changanya nyingine na vumbi laini la msasa, siyo la msumeno, mpaka iwe kama uji mzito wa ulezi usiodondoka kijikoni. Ijaze kwenye kona na uipitishie mgongo wa kijiko ipate mbonyeo laini. Ikikauka, kata waya uzitoe. Waya ikigoma, ipashe ncha kwa pasi ya kulehemu, itaachia. Jaza mapengo, halafu laza utepe wa faiba wa sentimita 8 kwenye viungo vyote, ndani na nje, uloweshe mpaka weupe wake upotee.

Kati ya mpako na mpako, osha kwa maji na kitambaa. Kwenye ukungu wetu epoksi inatoa utelezi kama nta juu yake, na mpako unaofuata hauushiki.

Hatua ya 6: Ukingo, viti, rangi

Pasua mikanda ya paini ya inchi 1 kwa robo tatu, ifunge ndani na nje ya mdomo kwa gundi na skrubu. Bila hiyo mtumbwi unalegea kama boksi lisilo na mfuniko. Kiti kisizidi sentimita 12 kutoka kitakoni. Kila unavyokaa juu ndivyo unavyojitafutia kuogelea. Omo na tezi funga dumu tupu la lita 20 kila upande, kifuniko kimekaza, ili ukijaa maji usizame nao. Epoksi inaliwa na jua, kwa hiyo rangi ya mafuta mipako miwili siyo urembo.

Kafi na upondo

Kafi lichonge kwa paini isiyo na vifundo, likisimama lifike kidevuni kwako. Upana wa bapa ni kiganja na nusu. Lakini kwenye maji yasiyofika magoti, kafi linachota tope tu, hapo unataka upondo. Mwanzi wa mita 3 unatosha, na Iringa mianzi siyo shida, ila muulize mwenyewe kwanza: usije ukakata uliokuwa unagemwa ulanzi, ile pombe ya mianzi, utatafutwa kijiji kizima. Chini yake funga kipande cha ubao kama kisahani ili usizame matopeni ukakubakiza umeushika huku mtumbwi unaondoka.

Majini

Ingia mahali maji yanafika mapajani. Shika kingo zote mbili, mguu uende katikati, kaa chini mara moja. Ukiwa peke yako piga magoti nyuma kidogo ya katikati; upepo ukiwa wa mbele, sogea mbele kidogo omo ishike maji.

Ukipiga kafi kuliani, omo itakwenda kushoto. Anayejifunza hubadilisha mkono kila mara na kujilowesha. Badala yake, kafi likifika usawa wa nyonga, geuza gumba la mkono wa juu litazame chini, sukuma bapa nje kidogo, kisha litoe. Siku mbili zitakuchosha, ya tatu mkono utakuwa umezoea.

Vaa jaketi okozi hata kama bwawa unalijua tangu utoto. Maji yaliyotuama yanaweza kuwa na kichocho, kwa hiyo usikae miguu ndani bila sababu. Na mtumbwi huu usiupeleke Mtera wala Ruaha: kule kuna viboko na mamba, na milimita 6 za plaiwudi kiboko hatazihesabu.

Ukirudi, upindue, uweke juu ya matofali chini ya bati. Wangu wa pili niliulaza chini nyuma ya karakana wiki tatu tu. Gundi ilikuwa nzima, rangi nzima, nikaubonyeza kidole kikapita: mchwa walikuwa wameshakula katikati.