Jinsi ya kuandika stori za Kusini ambazo wengine wanazipita tu, na ukalipwa

Mimi ni frilansa, naandika mambo ya safari na maisha ya watu, makazi yangu Mtwara mjini, kusini mwa Tanzania. Hivi ndivyo ninavyofanya kazi.

Hatua ya kwanza: tafuta kitu kimoja, siyo mkoa mzima. Ukimwandikia mhariri "naomba kuandika kuhusu Mtwara" hakujibu, na ana haki. Mwandikie ming'oko. Mwambie kuna mizizi huku hailimwi na mtu, watu wanaifuata porini wanaichimba, akina mama wanaichemsha na chumvi wanauza mafungu stendi, abiria anamenya kwa kucha huku basi linatoka. Hapo ataomba picha.

Au chukua Tendaguru kule Lindi. Kila anayeandika anaandika yule mjusi mkubwa wa kale, dinosaria, aliyeko Berlin, kwamba Wajerumani walichimba mwaka 1909 mpaka 1913 na mifupa imesimamishwa ina urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, sawa, lakini ile mizigo ilifikaje bandarini Lindi? Ilibebwa na watu wetu, kwa miguu, siku kadhaa njiani. Fuata ile njia, ongea na wazee wa vijiji vya pale, hiyo ndiyo stori na bado ina nafasi kubwa.

Hatua ya pili: ingia kijijini kwa adabu. Anzia kwa mtendaji au mwenyekiti, onyesha kitambulisho chako cha uandishi, sema kilichokuleta. Halafu kaa. Shikamoo kwanza, simu iache mfukoni, ukikaribishwa chakula kula. Na kama ni msimu wa korosho, Oktoba na kuendelea, usimsumbue mtu mchana yuko anaokota, nenda jioni.

Hatua ya tatu, na hii naomba uishike sana: kubaliana na mhariri kuhusu kichwa cha habari kabla hujatuma kazi. Niliwahi kuandika samaki nchanga, yaani panya wa porini wanaoliwa huku. Bibi mmoja alinikalisha jikoni kwake saa nzima, amewachoma vijiti amewapanga pembeni ya moto, siyo juu ya moto, anawageuza taratibu mpaka ngozi inakuwa ya kahawia na mafuta yanadondoka kwenye majivu, akaniambia "mwanangu, huyu anakula mihogo na karanga zetu, uchafu wake uko wapi?" Nikaandika vile vile kwa heshima zote. Gazeti likatoka na kichwa cha kuwacheka watu wa Kusini. Mjukuu wake akakiona kwenye simu. Nilipanda bodaboda nikarudi kuomba radhi, na ile safari sijaisahau. Sasa hivi kwenye imeili ya kwanza kabisa naandika: kichwa nikione kabla hakijatoka. Wakikataa napeleka kwingine.

Picha: piga mikono na kazi kwanza, sura baadaye na kwa ruhusa.

Pesa: piga hesabu ya nauli, bodaboda na gesti kabla hujakubali bei, na uliza unalipwa stori ikikubaliwa au mpaka itoke, maana kutoka inaweza kuchukua miezi na mwenye gesti hasubiri. Safari moja itoe stori tatu. Mimi nikienda Mikindani kwa ajili ya boma la Mjerumani la 1895 narudi na ya milango ya zamani na ya wavuvi, kila moja inaenda kwa mhariri wake.

Mwisho, rudisha kazi kwa wenyewe. Yule bibi nilimwandikia upya sehemu nyingine, kichwa nikakichagua mwenyewe, nikampelekea imeprintiwa. Mjukuu akamsomea yote mpaka mwisho, bibi akanirekebisha sehemu moja tu, vijiti vile nilikosea jina la mti, nikatoa daftari nikaandika.