Namna ya Kusoma Njia za Mto Kabla ya Kununua Shamba Uwandani

Mtu anayetafuta shamba magharibi mwa Kenya, katika uwanda wa Kano, kandokando ya Mto Nyando, au kule Budalang'i ambako Mto Nzoia unakaribia kuingia Ziwa Victoria, huonyeshwa ramani yenye mstari wa mto na mawe ya mpaka. Ramani hiyo husema kweli kuhusu siku ile ambayo ardhi ilipimwa, lakini mto wa uwandani haukai mahali pamoja: hula ukingo mmoja, hujaza mwingine, na mara nyingine huacha njia yake yote na kufungua mpya. Kumbukumbu ya mwendo huo imo ndani ya udongo wenyewe, na mkulima yeyote mwenye jembe, panga, kamba ya kupimia na chupa tupu anaweza kuisoma kabla ya kutoa pesa yake.

Ni vyema kwanza kuelewa kwa nini mto huacha mzigo wake mahali fulani na si pengine. Nyando hutoka katika nyanda za juu za Nandi na Londiani, zilizo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na huishia ziwani penye mita 1,134 hivi. Sehemu kubwa ya mteremko huo huwa imekwisha kabla maji hayajafika Ahero. Mlimani maji yana nguvu ya kuviringisha mawe, lakini yakifika kwenye tambarare hupungua kasi na kuanza kutua mzigo, kizito kwanza: mawe, kisha changarawe, kisha mchanga, kisha tope laini. Udongo wa mfinyanzi, ambao chembe zake ni ndogo kupita zote, hutua mwisho kabisa, tena pale tu maji yanaposimama. Makorongo makubwa ya Katuk Odeyo huko Nyakach yanaonyesha jinsi mvua inavyoweza kuchimba na kuchukua udongo katika eneo hili, na wekundu wa maji ya mito wakati wa masika ni udongo wa mashamba ya juu unaosafiri. Kanuni hiyo ya kizito kutua kwanza ndiyo itakayokuongoza katika kila hatua inayofuata.

Nenda shambani wakati wa kiangazi, Januari au Februari, maji yakiwa chini na kingo zikiwa wazi, na uanzie kwenye kona ya mto iliyo karibu nawe. Maji yanapozunguka kona husukumwa kuelekea ukingo wa nje, hushuka kwenye sakafu ya mto, kisha hurudi chini chini kuelekea ukingo wa ndani yakiburuta mchanga. Kwa hiyo ukingo wa nje huwa wima na mto huwa na kina kirefu mbele yake, ilhali upande wa ndani hujengeka fungu la mchanga lenye mteremko mpole. Tazama mimea iliyo juu ya fungu hilo: karibu na maji mchanga ni mtupu, nyuma yake kuna nyasi, nyuma ya nyasi kuna matete na vichaka vichanga, na mbali zaidi miti iliyokomaa. Mistari hiyo iliyojipinda ni umri wa ardhi. Ukiona mchanga mtupu ni mpana na vichaka bado viko mbali, ujue kwamba mto unahama kwa haraka, na kwamba jirani aliye ng'ambo, kwenye ukingo wa nje, anapoteza shamba.

Ikiwa shamba unaloonyeshwa ndilo lililo upande wa nje, chunguza ukuta wa ukingo kwa makini zaidi. Udongo wa mfinyanzi ukishatua hushikamana, na huhitaji maji yenye nguvu nyingi kuung'oa kuliko mchanga mwembamba, jambo ambalo huwafanya watu wengi kuamini kwamba ukingo wa udongo mweusi ni imara siku zote. Hatari ipo pale ambapo mfinyanzi umekaa juu ya tabaka la mchanga: maji huchota mchanga wa chini, na bonge zima la juu huporomoka kwa mara moja, mara nyingi wakati mafuriko yanaposhuka na ukingo bado umelowa. Tembea juu ya ukingo ukitafuta nyufa zinazokwenda sambamba na mto. Ufa wa namna hiyo ulio mita mbili kutoka ukingoni maana yake ni kwamba mita hizo mbili haziko tena katika hesabu ya shamba lako.

Baada ya hapo upe mto mgongo, utembee kwa mstari ulionyooka kuelekea mbali. Wageni wengi hushangaa kuona kwamba ardhi inashuka badala ya kupanda. Mafuriko yanapomwagika juu ya ukingo hupoteza kasi papo hapo, hivyo mchanga hubaki karibu na kuinua kingo mwaka baada ya mwaka, huku tope na mfinyanzi vikienda kutua mbali, kwenye bonde la nyuma. Ndiyo sababu katika uwanda wa Kano unaweza kukuta boma lililo karibu na mto likiwa kavu huku shamba lililo mbali zaidi likikaa na maji kwa wiki kadhaa. Umbali peke yake si usalama, na muuzaji akikwambia kwamba ploti haiwezi kufurika kwa kuwa mto hauonekani kutoka hapo, hajakupa jibu.

Sasa chimba shimo, kwa sababu hapa ndipo penye ushahidi mwingi kuliko popote. Lichimbe liwe na kina cha mita moja au zaidi kidogo, lakini lisipite kifua chako, kwani kuta za mchanga huporomoka bila kuonya. Kwangua ukuta mmoja kwa panga hadi uwe laini, kisha usome kutoka chini kwenda juu. Furiko moja la kawaida huacha tabaka ambalo chini lina chembe nene na juu lina chembe laini, kwa sababu maji yalianza kwa nguvu yakaishia kwa utulivu. Tabaka jembamba la tope, la upana wa kidole, ni furiko tulivu, na kwa mkulima ni mbolea. Tabaka nene la mchanga lililokatika ghafla juu ya udongo mweusi ni habari nyingine: mto, au tuta lake, lilipasuka karibu na hapo na kumwaga mchanga juu ya shamba la mtu. Tabaka jeusi lenye mizizi mizee na vijitundu vya wadudu ni uso wa zamani wa ardhi, uliokaa miaka mingi bila kufunikwa. Udongo wa kijivu wenye madoa ya rangi ya kutu unaonyesha kwamba maji hupanda na kushuka hapo kila mwaka. Chukua udongo wa kila tabaka, uutie kwenye chupa yenye maji, utikise na kuuacha: mchanga utatua ndani ya dakika moja hivi, tope laini litachukua saa kadhaa, na mfinyanzi unaweza kuyafanya maji yawe machafu kwa siku nzima au zaidi. Shimo moja halitoshi. Chimba jingine katikati ya shamba na jingine penye sehemu ya chini kabisa.

Ukikutana na bonde refu lililojipinda, lenye mafunjo au majani mabichi katikati ya kiangazi, huo ni mkondo wa zamani uliokatwa mto uliponyoosha kona yake. Huvutia macho kwa rutuba yake, na nduma hustawi humo, lakini ndiyo njia ya kwanza ambayo maji ya mafuriko hufuata. Thibitisha kwa kulinganisha picha za setilaiti za Landsat, ambazo zimekuwa zikipigwa tangu 1972 na hutolewa bila malipo, na kwa kuwauliza wazee wa kijiji maji yalifika wapi mwaka 1961 na wakati wa El Niño ya 1997.

Budalang'i inahitaji uangalifu wa ziada. Matuta yaliyojengwa kuzuia Nzoia huulinda uwanda, lakini pia huuzuia mto kutandaza tope lake, hivyo mzigo hutua ndani ya mkondo na sakafu ya mto huinuka. Tuta likipasuka chini ya hali hiyo, maji hushuka kuelekea mashambani na hayana njia ya kurudi mtoni. Ziwa likijaa, kama lilivyojaa mwaka 2020, maji ya mto hupunguzwa kasi mdomoni na tope hutua hata mbali zaidi upande wa juu. Simama juu ya tuta, ulinganishe kwa macho usawa wa mto na usawa wa shamba lililo upande wa pili.

Ukishanunua, acha ukanda wa mto bila kulimwa. Kanuni za rasilimali za maji za 2007 ziliweka ukanda usiopungua mita 6 na usiozidi mita 30 kulingana na upana wa mto, nami naona penye kona ya nje ni busara kuacha zaidi ya kiwango cha chini. Usikate matete, wala usiruhusu mchanga uvunwe chini ya ukingo wako. Panda mpunga kwenye mfinyanzi wa nyuma, mboga na mahindi kwenye kingo zilizoinuka, na nyumba mahali ambapo shimo lilionyesha uso wa zamani usiofunikwa. Kisha pigilia vigingi vitatu kwa mstari, kimoja kikiwa mita 10 kutoka ukingoni, cha pili mita 20 na cha tatu mita 30, na kila mwisho wa masika upime umbali kutoka kigingi cha kwanza hadi ukingo, uandike na tarehe yake. Kigingi hicho kikichukuliwa na maji, endelea kupimia kutoka cha pili.