Ukialikwa chakula na mwajiri

Kama unasoma MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya), Mkwawa ya Iringa au chuo kingine cha huku Nyanda za Juu Kusini, na kampuni inayotafuta vijana imekualika kwenye mlo, kula kitu kidogo kabla hujaenda. Ukifika na njaa hutasikiliza vizuri, na pale umeitwa kuzungumza.

Ukiagiza mwenyewe, chagua chakula kisichokupa kazi. Samaki mwenye miiba au paja la kuku wa kienyeji litakushika mikono na kinywa wakati unaulizwa ulifanyia wapi mafunzo kwa vitendo. Wali na nyama isiyo na mfupa vinatosha kabisa. Bei isizidi ya alichoagiza mwenyeji, na bia iache hata ukikaribishwa.

Kisu kulia, uma kushoto. Ukimaliza, vilaze sambamba juu ya sahani. Ugali ukiletwa na wenzako wakanawa, nawa nawe ule kwa mkono wa kulia bila wasiwasi. Mkiwa mmesimama, shika soda baridi kwa kushoto ili mkono wa kusalimia ubaki mkavu. Simu mfukoni.

Na mhudumu mshukuru kila anapokuletea kitu. Waajiri wengi huangalia sana hapo.