Kuona seli za mzizi zikigawanyika na tawi likianza, kwa hadubini ya shule

Juzi nilimsaidia mwalimu mmoja wa biolojia kuandaa somo la mizizi, na maswali yake ndiyo yamenifanya niandike utaratibu huu. Mzizi hurefuka kwenye ncha, lakini matawi yake huanzia nyuma ya ncha na ndani kabisa, kwa hiyo tutatengeneza slaidi za aina mbili.

Hatua ya 1: Otesha

Vitabu vingi vinataja kitunguu maji. Mimi natumia kitunguu saumu: kichwa kimoja kinatosha kundi zima, kila mwanafunzi na punje yake. Kalisha punje mdomoni mwa chupa ndogo, kitako kiguse maji, na ubadilishe maji kila siku. Mizizi ikifika sentimita 1 hadi 2, iko tayari. Otesha pia maharage kwenye karatasi laini iliyolowa mpaka matawi ya kwanza yachomoze.

Hatua ya 2: Kata ncha na uihifadhi

Iingie moja kwa moja kwenye mchanganyiko wa ethanoli sehemu 3 na asidi asetiki sehemu 1. Ikilala humo usiku kucha ni bora zaidi.

Hatua ya 3: Lainisha na uponde

Hapa ndipo wengi wanakwama. Seli za mzizi zimeshikanishwa na pektini, kitu kama gundi. Usipoilegeza, hata uponde vipi utaona donge jeusi tu. Dawa yake ni asidi haidrokloriki ya mola 1, yenye joto la nyuzi 60, kwa dakika 5. Nyuzi 60 ni za asidi yenyewe, si za maji ya nje. Weka testityubu yenye asidi ndani ya maji ya moto, subiri kipimajoto kilichomo kisome 60, ndipo utie ncha. Chupa ya chai yenye mdomo mpana hutunza joto vizuri sana; jiko la spiriti silitaki kabisa hapa, maana ethanoli iko mezani. Ukizimua asidi, mimina asidi kwenye maji, kamwe usimimine maji kwenye asidi. Vaa miwani na glavu.

Ncha iliyolainika hubonyea ukiigusa kwa sindano. Ikiwa bado ngumu, irudishe dakika 1 au 2. Ikianza kumomonyoka, imepitiliza, na rangi itashika hafifu. Isuuze kwa maji baridi mara kadhaa, kwani asidi iliyobaki huharibu rangi.

Sasa kata milimita 2 za mwisho na utupe zilizobaki bila huruma. Seli zinazogawanyika ziko humo, nyuma kidogo ya kofia ya mzizi. Zilizo juu zaidi zinarefuka kwa kujaza maji kwenye vakuoli (mifuko ya maji ndani ya seli), na zikibaki zitakupotezea muda. Dondoshea rangi iitwayo toluidini ya bluu, subiri dakika 2. Wapo wanaosifia rangi nyingine, asetokamini, lakini hiyo inataka kupashwa moto. Toluidini hushika ikiwa baridi.

Nyonya rangi iliyozidi, weka tone la maji, funika kwa kioo chembamba. Gongagonga kwa kitako cha penseli mpaka ncha itawanyike kama wingu jepesi. Kisha weka karatasi laini juu na ukandamize wima kwa kidole gumba. Kioo kisiteleze hata kidogo! Kikiteleza, seli huviringika na kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni) huburuzwa.

Hatua ya 4: Tazama

Anza na lenzi ya 10, kisha ya 40. Tafuta seli za mraba zenye kiini kikubwa. Nyingi zitakuwa zimetulia. Saumu ina kromosomu 16, na kwenye anafezi, hatua ya kromosomu kutengana, utaona makundi mawili yakiachana, mikono ya kromosomu ikibaki nyuma.

Hatua ya 5: Tawi

Kabla ya kushika wembe, tazama mzizi wa haragwe kwa macho. Matawi yamejipanga kwa mistari, kwa kawaida minne. Bana mzizi katikati ya kipande cha karoti kilichopasuliwa, kisha kwa wembe mpya uliochovywa majini kata vipande vyembamba vinavyopitisha mwanga, chini kidogo ya tawi changa kabisa linaloonekana. Kata vingi, uchague viwili vitatu.

Ukitia toluidini, zailemu (mirija inayopandisha maji) huonekana ya bluu-kijani, nyota yenye mikono minne. Kati ya ncha ya kila mkono na endodemi, ukuta wa seli unaozunguka nyota hiyo, kuna safu ya seli, perisaikli. Hapo seli chache, zikichochewa na homoni ya auksini, huanza kugawanyika upya na kufanya kinundu, ambacho hupenya koteksi (nyama ya mzizi) mpaka kipasue epidemi (ngozi ya nje). Mistari minne ya nje inafuata mikono hiyo minne. Kwenye mahindi, matawi huanzia mbele ya floemu, mirija inayosafirisha chakula. Vinyweleo visikuchanganye: kila kimoja ni seli moja tu ya epidemi iliyorefuka.

Usipoona kinundu, panda milimita chache kuelekea lile tawi linaloonekana, ukate tena.