Kabla hujaacha somo la hisabati: mambo ya kuzingatia

Mwanafunzi anayetaka kuacha hisabati huja kwangu siku ileile aliyorudishiwa mtihani. Karatasi bado iko mkononi, imekunjwa mara nne ili alama zisionekane. Huwa namwambia aje tena baada ya siku tatu. Simfukuzi, na wala sijaamua kwamba abaki. Ninachokijua ni kwamba siku ya matokeo mtu hapimi somo, anapima uchungu, na uchungu wa siku ya kwanza hauna kipimo.

Lakini siku hizo tatu zina kazi. Kusanya mitihani mitatu ya mwisho ya somo hilo. Chukua kalamu yenye rangi ambayo mwalimu hakuitumia, upitie kila swali ulilokosa, na pembeni uandike sababu moja tu: sikuelewa swali linataka nini, nilielewa ila sikujua pa kuanzia, nilijua njia nikakosea katikati, au muda uliniishia. Usijionee huruma wala usijikaripie, andika tu. Ukimaliza, hesabu kila fungu lina maswali mangapi.

Wengi hushangaa. Walitegemea fungu kubwa liwe la kutojua pa kuanzia, wanakuta ni la kukosea katikati. Na makosa ya katikati, ukiyasogelea, mara nyingi si ya somo la mwaka huu hata kidogo.

Nikupe mfano ninaokutana nao kila mwaka. Mwanafunzi yuko kwenye kalkulasi, hisabati ya kupima jinsi vitu vinavyobadilika, anatafuta mteremko wa mchoro wa y = x². Anaanza vizuri: anachukua nukta ya pili iliyo mbele kwa umbali h, anaandika (x + h)² − x², anapanga kugawa kwa h. Mpaka hapo kila kitu kipya alichofundishwa muhula huu amekifanya sawasawa. Kisha anafungua mabano na kuandika x² + h². Anatoa x², anabaki na h², anagawa kwa h, anapata h. Kwa kuwa h inakaribia sifuri, jibu lake ni 0. Mchoro unaopanda mbele ya macho yake anautangaza kuwa hauna mteremko popote. Anapoteza karibu alama zote za swali, na usiku analala akiamini kalkulasi imemshinda.

Kalkulasi haijamshinda. Kilichomwangusha ni mabano, kitu alichofundishwa miaka kadhaa nyuma. (x + h)² ni (x + h) mara (x + h), yaani x² + 2xh + h², na ile 2xh aliyoiacha njiani ndiyo inayoleta jibu sahihi, 2x. Angeweka namba mahali pa herufi angejikamata mwenyewe: (2 + 3)² ni 25, wakati 4 + 9 ni 13. Zile 12 zinazokosekana ni 2 mara 3, mara mbili.

Kwa hiyo swali la kwanza kabisa kabla ya kujaza fomu yoyote ya kuacha somo ni hili: tatizo lako lina umri gani? Nikiwa na mitihani mitatu ya mwanafunzi mezani, naona vidonda vya zamani vya aina tatu vikijirudia. Kuna mabano na alama ya kutoa. Kuna sehemu, hasa zile zenye herufi kwenye asili, yaani chini ya mstari. Mtu anaandika 1/(a + b) kuwa sawa na 1/a + 1/b bila kujiuliza kwamba 1/5 haiwezi kuwa sawa na 1/2 + 1/3, ambayo ni 5/6. Na kuna kuhamisha vitu kutoka upande mmoja wa mlinganyo kwenda wa pili, ambako watu wamekariri "kikivuka kinabadili alama" bila kujua kwa nini, kisha wanabadili alama hata ya kitu kilichokuwa kinazidisha. Haya yanazibika kwa wiki chache za kazi ya kila siku. Na ukiacha somo bila kuyaziba, unahama nayo. Utayakuta kwenye fizikia, utayakuta kwenye ukokotoaji wa kemia, utayakuta hata kwenye lile somo jepesi la hisabati ulilolikimbilia.

Hali ni tofauti ikiwa misingi yako ni mizima, saa za kusoma umeziweka, na bado fungu kubwa ni la kutoelewa swali linataka nini. Hapo huenda darasa lenyewe limekuzidi ngazi, au linakwenda mwendo ambao kwa sasa huuwezi. Hilo nalo ni jibu, na halina aibu.

Kabla ya kulifikia jibu hilo, lakini, jichunguze unavyosoma. Kusoma hesabu iliyokwisha kukokotolewa kwenye kitabu au kwenye video kunamfanya mtu ahisi ameelewa, kwa sababu kila hatua inaonekana ya haki ukiiona imeandikwa. Funika suluhisho, chukua karatasi tupu, uifanye mwenyewe hadi mwisho. Ukikwama, mahali ulipokwama ndipo somo lako la leo lilipo.

Jambo linalofuata ni milango. Hapa nataka usiende kwa kubahatisha, maana nimeona watu wakifunga mlango wakiwa na miaka kumi na sita na kuutafuta ufunguo wakiwa na ishirini. Andika kozi tatu ambazo unaweza ukazipenda, hata kama huna uhakika, kisha usome masharti ya kujiunga ya vyuo vyenyewe. Usitegemee alichosikia rafiki yako. Uhandisi na fizikia zinajulikana kwamba zinadai hisabati nzito. Uchumi huwashtua wengi: gharama ya kuzalisha kitu kimoja zaidi, ambayo ni moja ya misingi ya somo hilo, ni ule ule mteremko wa mchoro tulioutafuta hapo juu. Sayansi ya kompyuta inataka mantiki na aljebra kuliko watu wanavyodhani. Kwa upande mwingine, saikolojia, sosholojia na uuguzi zitakutaka takwimu, na darasa zuri la takwimu linaweza kukufaa kuliko kalkulasi unayoifaulu kwa shida. Angalia pia neno lililotumika kwenye masharti. "Lazima" na "inapendelewa" si kitu kimoja, na kati ya hayo mawili ndipo uamuzi wako ulipo.

Taratibu za shule nitazipitia haraka kwa sababu majibu yake yako kwa mwalimu wa taaluma. Mwisho wa kuacha somo ni tarehe ngapi? Ukiacha baada ya tarehe hiyo, kitaandikwa nini kwenye rekodi yako ya matokeo? Masomo yatakayobaki yanatosha kuhitimu? Unaweza kuhamia ngazi ya chini ya somo hilohilo badala ya kuliacha kabisa? Hili la mwisho uliulize hata kama hujaambiwa kwamba lipo. Na kile kipindi kitakachobaki wazi kitajazwa na nini? Kipindi kisicho na mpango huliwa.

Sasa nizungumzie saa na mwili, kwa sababu hapa ndipo ninapowaunga mkono wanaoacha. Kwa wiki moja andika kila siku muda uliotumia kwa hisabati na muda uliolala. Nimewahi kumshauri binti mmoja aache somo hili, na sijajuta. Alikuwa anataka kusomea sheria. Misingi yake ilikuwa mizima. Nilimpa hesabu za mabano na sehemu akazimaliza bila kosa. Lakini daftari lake la wiki lilionyesha saa kumi na nne za hisabati nje ya darasa na usingizi wa saa tano kwa usiku, na masomo yake matatu aliyokuwa akiyapenda yalikuwa yameanza kushuka pamoja. Alikuwa anakausha mto mzima kumwagilia mti mmoja. Alihamia darasa la takwimu, akalala, na insha zake zikarudi kuwa zake.

Ukiona mikono inatetemeka kabla ya mtihani, au unafungua karatasi na kila ulichokijua jana hakipo, hiyo nayo iandike. Hofu hukaa mahali palepale pa akili panaposhika hatua za hesabu, kwa hiyo mtu mwenye hofu anakokotoa akiwa na nafasi iliyopungua. Mweleze mtu mzima unayemwamini, na utenganishe mambo mawili: kutoweza hisabati, na kuogopa kiasi cha kushindwa kuonyesha unachokiweza. La pili lina msaada wake, na kuacha somo peke yake hakuliponyi.

Nenda kwa mwalimu wa somo ukiwa na zile karatasi tatu na mafungu yako manne. Ukisema "Mwalimu, sielewi chochote," atakutia moyo na mtaachana hapo. Sema: "Mwalimu, nimeona maswali kumi na moja nimekosea katikati, na saba kati ya hayo ni ya mabano. Nikiyaziba haya, bado nina nafasi ya kufaulu mwaka huu?" Swali la namna hiyo mwalimu halikwepi. Kama tatizo lako ni yeye mwenyewe, kwamba anakwenda mbio au hujisikii huru kuuliza darasani, usilichanganye na somo. Tafuta kwanza mtu mwingine akufundishe mada moja, mara mbili tu. Ukiielewa kwake, umejua.

Wazazi waonyeshe karatasi hizohizo. Mzazi anayesikia "nataka kuacha hisabati" husikia uvivu. Anayeona kazi uliyoifanya na kalamu ya pili atazungumza nawe kwa namna nyingine.

Kama tarehe ya mwisho inaruhusu, jipe wiki tatu za majaribio. Chagua kidonda kimoja cha zamani, si vyote. Fanya dakika arobaini kila siku, maswali machache kwa karatasi tupu, na ulilokosa leo ulirudie kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Nafasi hizo zina sababu: Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana na kuchapisha matokeo yake mwaka 1885, alionyesha kwamba sehemu kubwa ya kusahau hutokea mapema, saa na siku za mwanzo. Kurudia mapema ndiko kunakookoa. Mwisho wa wiki ya tatu, chukua mtihani mmoja kati ya ile mitatu, uufanye upya kwa muda uleule, uweke mafungu upya. Usiangalie alama kwanza. Angalia kama fungu la kukosea katikati limepungua. Likipungua, ningebaki. Likibaki vilevile baada ya kazi ya kweli, na kozi unazozitaka hazilidai somo hili, ningejaza fomu bila kujilaumu.

Na ukiijaza, usitupe daftari. Andika kwenye ukurasa wa mwisho mada uliyofikia, tarehe, na aina ya makosa uliyokuwa ukiyafanya. Ukirudi kwenye hisabati baada ya mwaka au miaka mitano, swali la kwanza la yeyote atakayekufundisha litakuwa uliishia wapi.